Glasi Iliyofunikwa kwa Mkate Mweusi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia akilini huwa naacha nilichoshika na kukaa kwanza. Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa hapa Durban, katika nyumba ya mama mmoja Mrusi kule juu Berea, na mezani palikuwa na glasi ndogo ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi. Glasi hiyo sikuigusa kwa mkono wangu. Lakini kosa lake ni langu, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe kabla hujafanya kama mimi.

Maana juzi ulipokuja kunisuka ulinisimulia habari za yule binti mgeni kwenye saluni yenu. Ulisema amefika majuzi tu na tayari wateja wakubwa wakija bosi anamwita yeye kwanza. Ulisema umeambiwa umwelekeze kazi, na wewe unamwelekeza nusu nusu. Ukacheka. Mimi sikucheka, kama uliona. Nilijikausha nikaomba chai, kwa sababu nilikuwa najisikia mimi mwenyewe nikiongea miaka ishirini na kitu iliyopita.

Basi tulia unisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Nilifika mji huu nikitokea Rumonge, kule Burundi, nikiwa na umri kama wako. Kazi ya kwanza ya maana niliyoipata ilikuwa kwa yule Mrusi. Jina lake Tamara Pavlovna. Kwa Warusi, mtu mzima unamwita kwa jina lake pamoja na jina la baba yake, na usipofanya hivyo unaonekana huna adabu. Mume wake alikuwa fundi wa injini za meli, bandari ndiyo iliyowaleta, na yeye mama alikuwa akipika nyumbani kwake vyakula vya kwao na kuwauzia Warusi wenzake wanapokuwa na sherehe.

Usidhani alikuwa anapika wali na mchuzi. Alikuwa anatengeneza zakuska. Ni vitu vidogo vidogo vya baridi ambavyo Mrusi anavila kabla ya chakula chenyewe, na usipoangalia unashibia hapo hapo. Kwao, mgeni hapaswi kukuta meza tupu hata kidogo. Kabla hajabisha hodi, sahani ziwe zimebanana mpaka kitambaa cha meza kisionekane. Kuna matango ya chumvi, uyoga wa chumvi, mayai, mkate mweusi na siagi. Kuna saladi ya viazi ambayo kila kinachoingia humo, kiazi, karoti, yai, tango, lazima kikatwe sawa na punje ya njegere, na ukikata kubwa mama Tamara anakurudishia bakuli bila kusema kitu. Kuna makongoro. Ndiyo, makongoro yale yale tunayokunywa sisi ya moto asubuhi. Wao wanayachemsha kutwa nzima kwa moto mdogo, wanatia kitunguu saumu, halafu wanayaacha kwenye friji yagande, na wanayakata kwa kisu kama keki. Mara ya kwanza nilidhani ananitania.

Na kuna heringi. Huyo ni samaki wa chumvi asiyepikwa. Anakatwa vipande, anapangwa kwenye sahani ndefu na pete za kitunguu juu yake. Mtu kama mimi niliyekulia ziwani, mukeke wetu tunamchoma mpaka aive vizuri, kumwona mtu anameza samaki mbichi kulinipa shida. Lakini kwenye meza ile heringi ndiye bibi harusi. Mrusi anasimama, anasema maneno mazuri juu ya mwenye nyumba, maana bila maneno hakuna anayekunywa, anameza vodka yake mara moja, na mkono unakwenda moja kwa moja kwa heringi. Kile kipande cha baada ya kumeza ndicho zakuska yenyewe.

Nilijifunza na mambo mengine. Chupa ikiisha haikai mezani, unaiweka chini, kwa sababu wanaona inaleta mkosi. Sahani chafu haikai mbele ya mgeni. Kitu kikikauka, kikipigwa na nzi, unakiondoa haraka na kuleta kingine, ili meza ionekane kama ndiyo kwanza imeandaliwa. Zaidi ya miaka mitatu nilifanya hayo yote. Nilinunua, nilimenya, nilichemsha makongoro, nilipanga meza. Heringi tu ndiyo sikupewa. Heringi alimtengeneza Tamara mwenyewe, na mimi nikawa nangojea siku atakayoniita niende kusimama pembeni yake nijifunze.

Mwaka wangu wa nne mume wake akafa ghafla. Nilihudumia kumbukumbu yake ya siku arobaini, na hapo nikaona desturi zao za msiba, nitakueleza. Miezi miwili baadaye nikamkuta Dafroza.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa kanisa letu, Jumapili, amekaa na begi lake miguuni. Alikuwa ametoka Bujumbura na hakuwa na ndugu hapa. Mimi nilikuwa na chumba Overport, kitanda kimoja, nikamwambia twende. Akaanza kuniita dada, na mimi nikafurahi kwa sababu mji huu mzima sikuwa na mtu wa kuniita hivyo. Baada ya wiki mbili nikampeleka kwa Tamara. Nilimpeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, mwanangu, hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya kwanza nikampa kisu na viazi, nikamwekea punje ya njegere mbele yake aifuatishe. Saa nne haijafika alikuwa amemaliza bakuli zima, na vipande vyake vimelingana kuliko vyangu. Tamara alichota kiganjani, akavigeuzageuza, akacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumwona yule mama akicheka mbele ya viazi vyangu. Nikamwambia Dafroza, umefanya vizuri, na nilikuwa nasema kweli, lakini kitu kidogo kilinichoma hapa chini ya titi. Nikakipuuza.

Kisha likaja jambo la majina. Mimi siku niliyoanza kazi Tamara aliniuliza baba yangu anaitwa nani. Nikamwambia Antoni. Tangu hapo akawa ananiita Leokadia Antonovna, yaani Leokadia binti Antoni, hata mbele ya wageni, jina refu mpaka chakula kinapoa. Dafroza mwezi haujaisha akawa Dasha. Dasha njoo. Dasha onja. Dasha kaa kidogo upumzishe miguu. Nikajisemea, kumbe mimi ni mtumishi humu ndani na yule ndiye mtoto.

Halafu asubuhi moja naingia jikoni namkuta Dafroza amevaa aproni ya Tamara, samaki mkononi, na Tamara amesimama nyuma yake anamwelekeza vidole, namna ya kuvuta ngozi ikatoka nzima, namna ya kupapasa miiba. Heringi yangu. Niliyemngojea miaka yote. Nilikwenda kwenye sinki nikafungulia maji kwa nguvu ili nisiwasikie wakiongea.

Sikufichi kitu. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba, mchana na jioni. Alipoonjeshwa yeye kwanza, roho iliniuma. Alipocheka na mama, roho iliniuma. Hata aliponiletea chai na kuniwekea sukari mbili kama ninavyopenda, roho iliniuma, kwa sababu nilitaka awe mbaya na yeye hataki kuwa mbaya. Tukiwa kwenye taxi tunarudi Overport anaongea njia nzima, na mimi natazama nje nahesabu robot, hizi taa za barabarani, tunazopita. Aliniambia, "Dada, kesho njoo nikuonyeshe heringi, wala si ngumu." Nikamjibu kwamba nina kazi zangu. Aliniambia tena wiki iliyofuata, na tena. Mara nne jumla. Mimi nikaona ananiringia. Nilijiuliza, huyu niliyemtoa kwenye ukumbi wa kanisa, leo ndiye anifundishe mimi?

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika siku ya kumkumbuka marehemu, mwaka mmoja tangu afe. Alhamisi, siku mbili kabla, Tamara aliniita barazani, mimi peke yangu. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. Akaniambia, "Leokadia Antonovna, wewe ulikuwepo mara ile ya siku arobaini. Dasha hajui desturi zetu za msiba. Mweleze yote, asije akakosea." Nikamwambia ndiyo, mama, nitamweleza.

Yote yenyewe yalikuwa haya. Meza ya kumkumbuka marehemu inajazwa zakuska kama kawaida, ila hailiwi kwa uma wala kisu, nyumba ile walitumia vijiko tu. Watu wanakunywa lakini hawagonganishi glasi, wala hawacheki kwa sauti. Na kwenye nafasi ya marehemu, mbele ya kiti chake, inawekwa glasi ya vodka iliyojaa, juu yake kipande cha mkate mweusi. Hiyo ni yake. Haiguswi na mtu mpaka wageni wote waondoke. Mkate ukauke, nzi watue, hauguswi. Baadaye mjane mwenyewe anautoa nje na kuwapa ndege. Mara ile ya siku arobaini Tamara alisimama bustanini na ufagio kuwafukuza tumbili wa Berea mpaka ndege wakamaliza, na mimi nilikuwa dirishani namtazama, nikalia.

Ijumaa nikamkalisha Dafroza. Nikamweleza habari ya vijiko. Nikamweleza habari ya kutogonganisha na kutocheka. Akasikiliza vizuri, akarudia mwenyewe ili asisahau. Akaniuliza, "Ni hayo tu, dada?"

Nikamwambia, "Ni hayo tu."

Sikusahau, mwanangu. Nataka uelewe hapo. Glasi ile nilikuwa naiona kichwani wakati namjibu. Na nilimjua Dafroza mkono wake. Hawezi kuona kitu kimekauka mezani akakiacha, mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Jumamosi ilikuwa na lile joto la Durban linalokulowesha ukiwa umekaa. Madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa ajili ya tumbili, na ndani nzi wawili watatu hawakosi. Wageni walikuwa kama kumi na wawili. Tamara aliiweka ile glasi mwenyewe wakati Dafroza yuko jikoni, mbele ya kiti kitupu kilicho chini ya picha ya mumewe ukutani. Wakakaa. Mzee mmoja akasimama akamsema marehemu, watu wakanywa taratibu, vijiko vikaanza kutembea.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya makongoro. Nikamwona Dafroza anapita nyuma ya viti akiondoa sahani chafu. Akafika kwenye kile kiti. Mkate ulikuwa umeanza kujikunja pembeni na nzi ametua juu yake. Dafroza akasita. Mkono wake haukwenda. Akainua macho akaniangalia mimi, kule mlangoni, kama mtu anayeuliza.

Nikageuza uso. Nikaanza kupanga vijiko ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Nilipoangalia tena, alikuwa ameichukua glasi kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, anaipeleka jikoni. Aliimwaga vodka kwenye sinki. Mkate akautupa kwenye maganda ya viazi. Akarudi na glasi safi na sahani safi, akaziweka mbele ya kile kiti na kunyoosha kitambaa, akidhani ni nafasi ya mgeni aliyechelewa, ili akija aikute nzuri.

Yule mzee akaweka kijiko chini. Tamara aliitazama ile glasi tupu kwa muda mrefu, akainuka, akaenda jikoni, na sisi tukamfuata. Akaukuta mkate wa mumewe juu ya maganda. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Dasha, hukuambiwa?"

Dafroza alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu yake hivi, kama ulivyokaa wewe hapo. Alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yake.

Akasema, "Niliambiwa, mama. Nilisahau."

Pale pale, mwanangu, ndipo mlango ulikuwa wazi kwangu. Neno moja tu lilitosha. Nilisikia ulimi mzito mdomoni na sikuusogeza. Tamara akamwambia avue aproni yake, aende nyumbani, na Jumatatu asije. Akaivua. Akaikunja, akaiweka mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata padri wetu. Nilifurahi. Kutoka jikoni kurudi mezani, hatua kama kumi, nilikuwa na furaha ya kweli kifuani. Ilipofika hatua ya kumi na moja ilikuwa imekwisha, na haikurudi tena.

Siku mbili Dafroza alikaa chumbani kwetu akipanga vitu vyake. Hakuniuliza chochote. Mimi niliingia na kutoka, nikajipa shughuli, nikafua nguo safi. Siku ya tatu akapata kazi Chatsworth, kwa familia moja iliyokuwa inatafuta mtu wa kumwangalia bibi yao mgonjwa. Akatandika kitanda, akaweka ufunguo juu ya mto. Alisema, "Asante kwa kunipokea, dada," akaondoka na begi lile lile alilokuja nalo.

Nikabaki na jiko peke yangu, kama nilivyotaka. Wiki tatu baadaye ikaja jubilei ya mtu mmoja wa meli, meza ya watu ishirini. Tamara akanipa aproni yake. Akanipa heringi. Nikamshika yule samaki, mwanangu, na sikujua hata nianzie wapi. Nilivuta ngozi ikatoka vipande vipande pamoja na nyama. Miiba nikaiacha. Nikampanga kwenye sahani nikamfunika kwa vitunguu vingi ili asionekane vizuri. Tamara akaja, akaonja kipande kimoja, akakitema kwenye kiganja.

"Hukumloweka kwenye maziwa," akasema. "Hii ni chumvi tupu."

Nikamwambia sikujua kama analowekwa.

Akanishangaa. "Dasha hakukuonyesha? Nilimwagiza akuonyeshe. Wiki ile ile niliyomfundisha nilimwambia, mfundishe na Leokadia Antonovna. Mimi mikono yangu inatetemeka siku hizi, samaki ananishinda, na wewe huna nafasi ya kusimama na mimi asubuhi nzima. Jiko hili lote limekaa juu yako. Nani mwingine ananunua, nani anachemsha, nani anapanga meza? Nilimchukua yule mtoto ili akupunguzie mzigo."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni bila kukaribishwa. Nikamwambia yote. Nilianza na wivu wa viazi, nikaja kwenye jina la Dasha, nikamaliza na Ijumaa ile niliyosema ni hayo tu. Nilimwambia na lile la kugeuza uso. Nililia mpaka nikashindwa kuongea, na yule mama hakuninyamazisha.

Alifuta mikono yake kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Akaniambia, "Mbele ya wageni wangu nakuita kwa jina la baba yako. Unajua ni watu gani tunaowaita hivyo? Tunaowaheshimu. Yule nilimwita jina la kitoto kwa sababu ni mtoto." Nikainamisha kichwa. Akaniuliza, "Alikuja mara ngapi kutaka kukuonyesha heringi?"

"Mara nne."

"Mara nne," akasema. "Na wewe ulikuwa na neno moja tu la kumwambia."

Nilingoja aseme nifunge vitu vyangu niende. Hakusema. Alisimama akaanza kumtenganisha upya yule samaki niliyemharibu, akijaribu kuokoa vipande viwili vitatu, mikono yake ikitetemeka kweli kama alivyosema. Bila kunitazama akaniambia, "Mume wangu ameshakufa, mkate ule haumpunguzii kitu. Yule binti yuko hai. Kamlete."

Jumapili baada ya misa nikapanda taxi kwenda Chatsworth. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika mashuka ya yule bibi. Alinikaribisha, akaniletea kiti na maji ya kunywa, kama mgeni yeyote. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamwambia, "Dafroza, nilijua habari ya ile glasi. Niliagizwa nikuambie, na sikukuambia kwa makusudi."

"Najua," akasema. "Nilikuangalia, ukageuka."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema ameambiwa. Akamalizia kuanika shuka alilokuwa ameshika, akalibana pembe zote mbili.

"Ulinipokea bila kunijua," akasema. "Sikutaka wewe ndiye ufukuzwe. Halafu nikakaa siku mbili kwenye kile chumba nikingoja useme. Eish, nilingoja. Ungesema hata nusu ya neno ningebaki na wewe, hata bila kazi."

Nikamwambia mama anamwita arudi. Akafikiri, akasema atarudi wakishapata mtu mwingine wa kumwangalia bibi, asiwaache vibaya. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe." Na alisema kweli, maana Dafroza si mtu wa maneno mawili.

Alirudi kwa Tamara mwisho wa mwezi. Kwenye chumba cha Overport hakurudi. Alipanga na wasichana wengine, na mimi nikabaki na kitanda changu chote. Siku aliyoanza tena kazi alinifundisha heringi, bila mimi kumwomba. Alinionyesha maziwa, muda wa kuloweka, mahali pa kuingiza ncha ya kisu, namna ya kuushika mkia ukafungua samaki mzima pamoja na uti wake. Hakuruka hatua hata moja. Alinisubiri nikosee, akanirekebisha, akanisubiri tena. Sijawahi kufundishwa kitu vizuri namna ile maishani mwangu.

Tulifanya kazi meza moja miaka sita baada ya hapo. Hatukugombana hata siku moja. Alinipisha njia, alinisaidia kubeba sufuria nzito, nilipougua aliniletea uji hospitali. Lakini hakuniita dada tena. Aliniita Leokadia Antonovna, kama alivyoniita Tamara, kwa heshima zote. Kila alipoliita jina hilo nilikuwa naitika, na ndani yangu kitu kinakatika.

Sasa Tamara amekwenda kukaa na watoto wake, yuko mbali. Dafroza ana jiko lake mwenyewe, anaandalia watu zakuska mpaka Umhlanga, na ana wafanyakazi. Na usidhani uzee umenitakasa. Nikisikia watu wanamsifia heringi yake, bado kuna kitu kinanichoma pale pale, chini ya titi. Sasa nakijua tu. Kikija nakiambia karibu, kaa, lakini leo hutaniongoza.

Hicho ndicho ninachotaka kukupa, mwanangu. Sikwambii usione wivu, kwa sababu utauona tu, umeumbwa na moyo si jiwe. Nakwambia usiukabidhi mdomo wako. Ukiagizwa kumwonyesha mtu kazi, mwonyeshe yote, na kile unachotamani kukificha ndicho uanze nacho. Usijidanganye kwamba hukumfanyia kitu kwa sababu mkono wako haukugusa. Mtu akikuangalia akiwa hajui, usigeuze uso. Na kama umeshageuza, kaseme siku hiyo hiyo, mapema, angali anangoja. Mimi nilisamehewa, na msamaha ni kitu kizuri, lakini nilimpata mfanyakazi mwenzangu nikampoteza ndugu, na msamaha haukumrudisha.

Yule binti wa saluni anaitwa nani? Hukuniambia jina lake. Basi kesho mwamkie kwa jina lake, umkalishe, umweleze ile nusu uliyombania. Ataona ajabu. Mwache aone ajabu.

Mungu akulainishie ulimi wako kabla hujafika mlangoni. Akupunguzie kijicho, akuzidishie kazi, na akupe watu wa kuifanya pamoja nao ambao hutawaogopa kuwatazama usoni. Nenda salama, mwanangu, na ukifika nijulishe.